Pointi Sita za Wachuka

Ukitaka kumkasirisha Wachuka, mwambie ana kashamba. Atakutazama kuanzia viatu hadi kofia, akuulize lako liko wapi, na kama huna jibu la haraka atakupa jembe ukalione hilo kashamba kwa mgongo wako mwenyewe. Wako watu walioingia kwake kunywa chai wakatoka wamepalilia mistari miwili. Mumewe, Micah, mtu mpole ambaye hucheka kwa mabega tu bila kutoa sauti, huwaambia wageni wakiwa bado langoni: "Msifie shamba kwanza. Mambo ya watoto na afya yatafuata."

Wanaishi Mvuke, kwenye mteremko wa Eburru, mahali ambapo asubuhi za baridi ardhi hutoa moshi mweupe kwenye nyufa zake, na watu huukinga mvuke huo kwa mabomba mpaka ugeuke maji ya kunywa. Ukisimama mlangoni kwa Wachuka unaona bondeni Kariandusi na machimbo yake ya udongo mweupe, na nyuma yake ziwa Elementaita. Zamani huku kote kulikuwa shamba la mzungu mmoja, la kufugia ng'ombe. Baadaye likanunuliwa na chama cha watu wengi, likakatwa vipande, nao wenye vipande wakakata vipande vyao, bandu bandu, hadi upande wa chini wa barabara hakuna aliyebaki na eka nzima. Wenye eka ni watu wa upande wa juu. Upande wa chini watu huhesabu kwa pointi, neno la Kizungu la nukta, na pointi kumi ndizo zinazofanya eka moja.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, maana ndilo lililoleta maneno yote. Kwa kuwa upande wa chini kila mtu ana pointi, neno lenyewe limechoka na watu wamelitupa. Ukimuuliza mtu wa chini ana shamba kiasi gani atakujibu "nane," au "nne na nusu," na majirani wote wanaelewa. Hakuna anayesema pointi, kama vile hakuna anayekwenda dukani kuomba chumvi ya kula. Wachuka ana sita, na kila mtu anajua ni sita gani.

Lakini hizo sita ana namna yake ya kuzihesabu. Kila moja ina jina.

Ya kwanza inaitwa Waridi. Aliinunua akiwa bado anakata maua katika mashamba ya kando ya ziwa Naivasha, akikaa Kamere katika chumba kimoja cha mabati, mikono yake imechorwa na miiba hadi kwenye viwiko. Wenzake walipokuwa wakinunua televisheni, yeye alinunua kipande cha nyasi mlimani ambacho hata mbuzi walikuwa wamekikataa. Walimcheka sana. Ya pili inaitwa Mchezo, kwa sababu ilitoka katika mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa, zamu yake ilipofika. Ya tatu ni Chokaa. Hiyo ni ya Micah, kiinua mgongo chake cha miaka ya kuchimba ule udongo mweupe ambao watu huuita chokaa ingawa si chokaa, kazi iliyomfanya arudi nyumbani kila jioni kama mtu aliyeangukia pipa la unga. Ya nne ni Mbuzi, na unaweza kukisia. Ya tano inaitwa Kiarie, jina la mtoto wao anayetengeneza malori kule Mai Mahiu; alipopata kazi alimletea mama yake mshahara wa kwanza wote ukiwa kwenye bahasha yenye alama za vidole vya mafuta. Ya sita inaitwa Mdomo. Ilikuwa kipembe chenye mawe, na mwenyewe hakuwa na nia ya kukiuza kwa bei hiyo. Wachuka alikaa naye kuanzia asubuhi, akazungumza, akazungumza, hadi yule mtu akasema chukua mama, chukua, niache nikale.

Ndiyo sababu haitwi mwenye kashamba.

Kilimo chake nacho kina adabu zake. Anavuta kamba yenye mafundo, shimo kwa kila fundo, na mbolea anaipima kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja kwa kila shimo, kikiwa sawasawa bila kilima. Kwa njia hiyo gunia moja linafika Mdomo likiwa limebaki kidogo, na kile kidogo anampa jirani. Lakini msimu wa nyuma hakupata hata hilo moja. Alikwenda kwenye stoo ya nafaka mjini kuchukua mbolea ya ruzuku, akasimama kwenye foleni siku nzima, na mbele yake mtu mmoja wa pikiapu akawa anatoa jina baada ya jina, la shangazi, la mjomba, la marehemu, akipakia. Mtu huyo alipomaliza, stoo nayo ilikuwa imemaliza. Wachuka alimuuliza kama hao wote ni ndugu zake. "Mathe, jina ni jina tu," akajibiwa, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama yeyote. Alirudi Mvuke na kamba yake ya kufungia gunia ikiwa mkononi, akapanda hivyo hivyo, na mahindi yakatoka yamekonda kama mikia ya panya.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka kwamba wakulima wajiandikishe upya kwa chifu, yeye alikuwa wa kwanza kufika. Mwandikishaji alikuwa msichana anayeitwa Cheruto, mwenye heshima zake, ametoka upande wa Molo, na simu ya serikali imening'inia shingoni. Hakuwajua watu wa Mvuke wala namna yao ya kuhesabu.

"Jina, mama?"

Wachuka akataja jina na namba ya kitambulisho.

"Unapanda nini?"

"Mahindi, maharagwe na viazi kidogo."

"Una ngapi?"

"Sita."

"Sita," Cheruto akasema akibonyeza. Aliongeza neno lingine pia, la kuhakikisha, lakini Wachuka hakulisikia, kwa kuwa alikuwa amekwisha geuka nyuma kuwasimulia wenzake habari za mtu wa pikiapu na majina ya marehemu. Mdomo uliomletea pointi ya sita ndio uliomponza siku hiyo. Ulimi hauna mfupa, na wa Wachuka hauna hata breki.

Meseji iliingia wiki za mwisho za kiangazi, wakati vumbi la barabara limekuwa laini kama poda. Micah ndiye msomaji wa nyumba, kwa miwani yenye mguu mmoja. Akasoma kimya. Akasoma tena, mabega yakaanza kutikisika.

"Nini?" Wachuka akauliza.

"Hongera, tajiri. Serikali inasema uko na eka sita. Magunia kumi na mawili."

Wachuka alicheka hadi akashika nguzo ya jikoni. Alicheka, akapangusa macho kwa leso, akamwambia asome tena, akacheka tena. Kisha akaikunja leso. Alitoka nje akasimama ukingoni mwa shamba, akalitazama kutoka Waridi hadi kwenye mawe ya Mdomo, na aliporudi uso wake haukuwa na mzaha.

"Baba Kiarie, hizo zingine zinaitwaje?"

"Zipi?"

"Hizo eka zingine. Zangu ninazijua majina. Hizo ni za nani?"

Micah akavua miwani.

Habari haikuchelewa kupanda barabara, na jioni ya pili ikamleta Mzee Kosgei. Huyu Kosgei ni mtu wa upande wa juu, ana eka sita za kweli, trekta kuukuu la rangi ya bluu, na maoni juu ya kila jambo. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Kila msimu trekta lake lilishuka kwa Wachuka likalima zile pointi zote kwa bei ya mafuta na sahani ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa miaka mingi, bila kuandikiana. Lakini watu walipoitwa kujiandikisha, Kosgei alikataa katakata. Alisimama mbele ya duka akahutubia. "Serikali ikianza kukuhesabia mbuzi, ujue imetamani nyama," alisema. "Leo wanauliza shamba ni eka ngapi, kesho wanaleta kodi ya shamba." Watu kadhaa walimsikiliza. Sasa kiangazi kilikuwa kinaisha, mbolea ya dukani bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, na Kosgei alikuwa na eka sita zilizolimwa bila punje ya kuweka.

Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya heshima, akakikabidhi kwa mikono miwili. Wachuka akajua kuna neno.

"Mama Kiarie," Kosgei alianza baada ya kumaliza salamu za watu na mifugo, "nimesikia umebarikiwa."

"Nimekosewa, Mzee. Nilisema sita, wakaandika eka."

"Sasa angalia vile Mungu anafanya kazi. Wewe umeandikiwa eka sita na huna. Mimi ninazo na sijaandikwa. Si ni kama serikali imekosea mlango tu? Mimi nitalipia yote. Wewe uende tu na kitambulisho na hiyo meseji. Magunia mawili ni yako, bure kabisa, hayo kumi yanapanda kwangu. Hatujaibia mtu. Eka sita ni eka sita."

Hata Micah aliona hesabu hiyo imenyooka. Na kusema kweli, nani asingeiona? Mbolea ingeingia katika shamba halisi, la mkulima halisi, jirani aliyewalimia miaka yote. Wachuka mwenyewe alikaa akizungusha kikombe. Magunia mawili, na mvua ilikuwa mlangoni.

"Hapana, Mzee," akasema hatimaye.

"Hapana ya nini?"

"Yule mtu wa pikiapu aliniambia jina ni jina tu. Nilirudi nyumbani na kamba. Mimi siwezi kuwa mtu wa pikiapu, hata kama mbolea inakuja kwako."

"Unanilinganisha mimi na mwizi?"

"Sijasema hivyo. Ninasema twende wote kesho kwa chifu. Wewe ukaandikwe hizo zako, mimi nikarekebishwe hizi zangu. Nitakusindikiza hadi mlangoni."

Kosgei alisimama. Mtu aliyehutubia mbele ya duka kwamba hatahesabiwa hawezi kusindikizwa na mwanamke kwenda kuhesabiwa, tena mchana. "Basi kaa na pointi zako," alisema, na neno pointi akalitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. "Na huu mwaka utafute trekta lingine." Akaondoka. Alikuwa amekasirika hata akasahau kibuyu chake.

Sasa kibuyu ni jambo zito. Chombo kilicholeta maziwa hakirudi kwao kikiwa kitupu, huo si utu, na pia hukirudishi kwa mtu mliyekosana naye kama unayemtupia. Wachuka alikiosha, akakikausha, akakitundika kwenye msumari juu ya jiko. Kikakaa hapo, na kila alipoinua macho kutoka kwenye sufuria alikiona.

Asubuhi alikwenda kwa chifu peke yake. Cheruto alifungua ile simu, akaona, akashika kichwa.

"Woi, mama. Pole. Mimi nilijua ni eka. Kwetu ukisema sita ni eka."

"Si kosa lako. Hata mimi sikumaliza kusema. Rekebisha."

Msichana akasita. Akatazama mlango, akapunguza sauti. "Mama, nikirekebisha, hii meseji inakufa. Itabidi ungoje ingine, na sijui itakuja lini. Inaweza kuja mvua imeshaanza. Inaweza isikuje. Si ungenyamaza tu? Hakuna mtu angejua."

"Shamba lingejua," Wachuka akasema. "Rekebisha."

Cheruto akabonyeza. Hapo hapo Wachuka akawa si mtu wa magunia kumi na mawili wala wa moja.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya, na hakuna haja ya kuyapamba. Upande wa chini walimpa jina, Mama Mtakatifu, wakamsalimia hivyo kwenye mabomba ya maji. Walikuwapo waliosema ana kiburi, na wengine wakamwona mjinga tu, na wawili watatu walioandikiwa eka kama yeye walimwomba asifungue mdomo tena mbele ya mwandikishaji. Trekta la bluu lilisikika likinguruma juu kila asubuhi na halikushuka. Kwa hiyo Wachuka na Micah wakalima kwa jembe. Watu wa umri huo, mmoja kifua chake hakipendi vumbi, mwingine kiuno chake kinalia kama mlango, wakianza Waridi alfajiri na kupumzika jua likiwa kali. Wachuka alikuwa akizungumza na ardhi, akiitukana kwa upendo. Micah alilima kimya. Siku moja tu alisimama akaegemea jembe, akasema, "Mama Kiarie, magunia mawili yalikuwa mengi." Hakusema kwa lawama. Wachuka alijibu kwamba anajua, na usiku huo hakula.

Maana, tuseme wazi, aliogopa. Watu humsimulia siku hizi kana kwamba alikuwa mwamba, na hakuwa. Alikuwa amepanda mwaka mzima bila mbolea na alijua ladha yake, ladha ya kununua unga wa dukani ukiwa na shamba. Kila simu ilipolia aliacha jembe akakimbia, na mara nyingi alikuta ni kampuni ya simu ikimpongeza kwa jambo asilolijua.

Mvua ilifika wakati wamemaliza pointi tatu, nusu ya shamba. Ilianzia upande wa ziwa, ikapanda Kariandusi, ikaugeuza ule weupe wa machimbo kuwa kijivu, na kabla ya adhuhuri ilikuwa inapiga mabati ya Mvuke. Mkulima wa huku haiachi mvua ya kwanza ipite. Wachuka alivuta kamba yake yenye mafundo, akapanda Waridi, Mchezo na Chokaa kwa samadi ya mbuzi, kizibo chake kikiwa mfukoni bila kazi. Mbuzi, Kiarie na Mdomo zikabaki na magugu.

Meseji ilikuja wiki iliyofuata, asubuhi ya jua baada ya mvua. Micah alivaa miwani yake ya mguu mmoja. "Ekari sifuri nukta sita," alisoma polepole. "Gunia moja."

Wachuka hakucheka safari hii. Alimwomba asome tena, na tena, akisikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kanisani.

Kwenye stoo ya mjini foleni ilikuwa ndefu, buti zote zina matope. Alisimama na kamba yake ile ile. Ilipopita saa nzima, aliona nyuma yake, baada ya watu kama saba hivi, kofia iliyoshushwa hadi kwenye pua. Kofia hiyo aliijua. Alikuwa ameiona miaka mingi juu ya trekta la bluu. Kosgei alikuwa amekwenda kwa chifu kimyakimya siku ya soko, kila mtu akiwa ameshuka sokoni, akaandikwa kisha akarudi kwake kwa njia ya msituni. Mficha uchi hazai, na tumbo halina aibu hata la mwenye trekta. Wachuka aliigeukia ile kofia, akafungua mdomo, halafu, jambo ambalo wanaomjua hawaliamini hadi leo, akaufunga bila kusema kitu. Alimwachia mzee aibu yake aibebe mwenyewe.

Mwenye stoo alikuwa anasoma kwa sauti kubwa ili wapakiaji wasikie. Zamu ya Wachuka ilipofika akapaza: "Wachuka! Sifuri nukta sita! Gunia moja!"

Foleni ikacheka. Kuna kijana aliyesema, "Mathe, hiyo si ungepanda kwa ndoo?"

Wachuka akageuka, mikono kiunoni. "Cheka vizuri, usibanwe na mbavu. Lakini zote ni zangu, hata ile nukta. Wewe yako iko wapi?"

Wakacheka tena, lakini safari hii walimcheka yule kijana.

Kisha zikapita zamu kadhaa, na sauti ile ile ikaita: "Kosgei! Eka sita! Magunia kumi na mawili!"

Watu wakageuka kutazama ni nani mwenye eka sita. Kosgei, mtu aliyekimbia kuhesabiwa, alisimama kidogo kama aliyepigwa na baridi. Ndipo akainua kofia yake kutoka puani, akanyoosha mgongo, akajibu kwa sauti ya watu wa juu: "Ndiyo. Zangu."

Nje Wachuka alikuwa anahangaika kutafuta boda ya kubeba gunia lake. Pikiapu aliyoikodi Kosgei ikasimama kando, imelala nyuma kwa uzito. Kosgei akashuka, akaliangalia lile gunia moja lililofungwa kwa kamba ya katani, akalinyanyua mwenyewe bila kumwita mpakiaji, akaliweka juu ya yake.

"Panda mbele, Mama Kiarie."

Wakapanda mlima hadi mahali ambapo mvuke unaanza kuonekana. Hapo Kosgei akakohoa.

"Aliposoma jina langu kule," alisema, "nilisikia vizuri. Sikujua nitasikia hivyo." Akarekebisha kofia. "Micah aliniambia zamani kwamba zako zina majina. Nilicheka. Leo nimefikiria zangu. Baba alininunulia zote, na hakuna hata moja nimewahi kuipa jina."

"Anza na moja," Wachuka akasema. "Zingine zitakuja."

Kesho yake trekta la bluu lilishuka. Lililima Mbuzi, likalima Kiarie, likazunguka mawe ya Mdomo kwa adabu, na Kosgei akakataa hata bei ya mafuta. Alikula githeri tu, sahani mbili. Alipoondoka Wachuka alikitungua kibuyu msumarini, akakijaza maharagwe ya mbegu hadi mdomoni, akampa kwa mikono miwili. Hapakuwa na haja ya kuombana msamaha tena. Watu wa huku wakirudishiana chombo kikiwa kimejaa, maneno yamekwisha.

Na mahindi? Usitarajie muujiza. Nusu ya kwanza iliwahi mvua lakini haikuonja mbolea ya gunia. Nusu ya pili ilipata kizibo kwa kila shimo lakini ikachelewa. Hadi kufika Juni shamba lilikuwa na ghorofa mbili, na aliyepita barabarani aliona wazi mahali moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Watu walimuuliza Wachuka mbona hivi. Alikuwa akiwaonyesha kwa kidole kama mwenye nyumba anayeonyesha vyumba: "Pale ni pointi tatu za mbolea. Na hapa ni pointi tatu za adabu. Zote zinaliwa." Alivuna kiasi cha kula na cha kupanda, na gunia moja la kumpelekea Kiarie Mai Mahiu. Unga wa dukani hakununua.

Majuzi waandikishaji walirudi kuhakiki, kabla ya msimu mwingine. Kwa chifu palijaa, safari hii wa juu na wa chini pamoja, kwa kuwa Kosgei alikuwa amehutubia tena mbele ya duka na kugeuza maneno yake yote bila haya. Cheruto alikuwa mezani na simu shingoni. Alipomwona Wachuka alitabasamu, lakini kazi ni kazi, na swali ni lazima liulizwe.

"Mama, una ngapi?"

Watu wakasogea kusikiliza. Wachuka hakugeuka nyuma, wala hakuwa na hadithi ya kumsimulia mtu.

"Pointi sita," alisema, neno lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Waridi, Mchezo, Chokaa, Mbuzi, Kiarie na Mdomo."

Cheruto akaandika, kisha akaigeuza simu ili Wachuka ahakikishe mwenyewe. Wachuka akainama, akasogeza uso karibu na kioo, akatafuta kwa macho mpaka akaiona nukta, ndogo kama mbegu ya sukuma, imekaa kati ya sifuri na sita.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama. Ndiyo pointi yako."

Aliitazama, mikono yake yenye makovu ya miiba ikiwa imeshika ukingo wa meza.

"Imekuwa ndogo hivyo," akasema, "na miaka yangu yote imeingia humo."